Koti la Plasta na Besi ya Zablon

Alhamisi ya wiki ya makambi nilishika msumeno wa plasta nikampasulia shemeji yangu Zablon koti lake, wiki tano kabla ya siku yake. Hakuna daktari aliyeniagiza. Zablon aliniomba, nikakubali, na nilikuwa na akili zangu zote. Kama ningeruhusiwa kurudia siku moja tu katika miaka thelathini na minne ya kazi, ningerudi Alhamisi hiyo, niutundike msumeno mahali pake, niseme hapana, halafu niende zangu kunywa chai.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaoanza kazi kwenye vyumba vya plasta, kwenye machela na kwenye wodi za mifupa huku kwetu Kisii na Nyamira. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa kusukuma machela, na plasta nilifundishwa kwa mikono. Mengi mnayosoma siku hizi siyajui, na mkinionyesha picha zenu za kompyuta nitatikisa kichwa tu kama mtu anayehubiriwa kwa Kifaransa. Lakini migongo iliyovunjika nimeishika mingi, na makosa yangu nayakumbuka moja moja. Chukueni yatakayowafaa. Mengine mcheke.

Kwanza niwaeleze hilo koti, maana wengi wenu hamjaliona. Siku hizi mgongo ukivunjika, mgonjwa anaingizwa kwenye mashine ya mviringo, picha inatoka, na daktari akiona pingili imekaa vibaya anaitia vyuma na skrubu. Asiyehitaji vyuma anapewa mkanda mgumu wa kufunga na kufungua. Sisi tulikuwa na meza mbili na ndoo ya maji. Mgonjwa alilala kifudifudi, kifua juu ya meza moja, mapaja juu ya nyingine, tumbo likining'inia katikati kama daraja. Mgongo ukijipinda hivyo, pingili iliyobonyea mbele inafunguka kidogo. Hapo tunamvika soksi ya mwili mzima, tunaweka pamba nene kila penye mfupa uliochomoza, halafu tunazungusha bandeji za plasta kutoka kifuani hadi nyongani. Tulikuwa na dakika chache tu kabla haijashika. Ikishashika, mgonjwa ana gamba kama kobe, na atakaa nalo miezi mitatu.

Na ni lazima umkatie dirisha. Hapa tumboni, juu ya kitovu, unatoboa nafasi ya kutosha sahani, ili chakula kipate pa kukaa na pumzi ipate pa kupita. Hilo nililisahau kwenye koti la kwanza nililofunga peke yangu.

Mgonjwa alikuwa mama mmoja wa Nyakoe aliyeteleza na mzigo wa ndizi mgongoni. Nilimfunga vizuri, nikapiga plasta msasa kwa kiganja mpaka ikang'aa, nikajisifu. Saa saba akala matoke. Saa saba na nusu akawa ametoa macho, anapumua kama mbwa aliyekimbizwa. Mwalimu wangu, Mzee Owuor, mtu wa kutoka upande wa ziwa, aliyekuwa fundi wa plasta kabla mimi sijajua kufunga kamba za viatu, alikuja na kisu, akakata dirisha kwa utulivu kama mtu anayekata papai. Mama akavuta pumzi ndefu, akanitazama.

"Huyu kijana ana mke?" akamuuliza Owuor.

"Bado, mama."

"Basi asipewe. Atamfunga mtoto wa watu bila kumwachia pa kupumulia."

Wodi nzima ilicheka, na jina "Bila Dirisha" nilikaa nalo mwaka mzima. Lakini Owuor hakucheka. Kesho yake asubuhi aliniambia nivue shati, akanilaza kwenye zile meza mbili, akanifunga koti kamili, bila dirisha, kisha akaniambia niende kazini. Nilisukuma machela nikiwa nimesimama wima kama mlingoti. Saa saba akaniletea ugali na sukuma wiki, akasimama akihakikisha nimemaliza. Kufikia saa nane nilikuwa nimemwelewa yule mama kabisa. Nilikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu kanisani, nikajaribu kuimba ubeti mmoja nione. Pumzi ilikatika kwenye neno la nne. Saa tisa Owuor alinikatia dirisha, na jioni akanipasulia.

Kila fundi wa plasta angepaswa kufungwa koti walau siku moja. Mtajua linawasha wapi, linabana wapi, na kwa nini mgonjwa anaomba kijiti cha kujikunia. (Msimpe. Ataacha kidonda ndani na hamtakiona mpaka kinuke.) Lakini somo hilo lina hatari yake. Mimi lilinifundisha kuwahurumia wenye makoti, na baadaye huruma hiyo ndiyo iliyonishika mkono wenye msumeno.

Owuor alikuwa na desturi nyingine. Plasta ikikauka, alichukua kalamu nene ya wino wa buluu akaandika kifuani mwa mgonjwa tarehe mbili: ya kuvaa na ya kuvua. Faili hupotea, alisema, na mgonjwa husahau, lakini hawezi kusahau kifua chake nyumbani. Na aliyeandika tarehe ya kuvua ndiye aliyewajibika nayo. Mpaka nastaafu niliandika tarehe hizo kwenye kila koti.

Sasa Zablon.

Zablon tulikua pamoja, tukachunga pamoja, na kwenye kikundi cha waimbaji wanne wa kanisa letu, sisi tunaosali Jumamosi, yeye alikuwa besi. Nikisema besi sisemi mtu wa kuguna. Zablon akishuka chini, mbao za benchi zilitetemeka chini ya makalio ya watu. Ndiyo sauti iliyomvuta dada yangu Kemunto. Baba alipouliza huyo kijana ana nini, Kemunto alijibu kwamba ana sauti, na baba akasema sauti haikamuliwi maziwa. Lakini akamkubali. Wakajenga upande wa pili wa kijito, mkabala na kwangu, juu huko karibu na Keroka. Walikuwa na chai, migomba, na mti mmoja wa avokado mkubwa kuliko nyumba yao.

Nyinyi mnafikiri mgongo unavunjwa na lori. Lori lipo, na bodaboda siku hizi ndiyo imejaza wodi. Lakini huku kwetu ukiona magari ya kununua avokado yameanza kupanda kutoka Keroka, andaa plasta. Wanaume wenye wajukuu wanapanda miti iliyolowa mvua kwa sababu tunda zuri liko juu kabisa. Tawi la mvokado halikuonyi. Mtu anaanguka amekaa, kishindo kinapanda kupitia makalio, na pingili iliyo karibu na mahali ambapo mbavu zinaishia inapondeka kama kiberiti kilichokaliwa.

Wengine hata hawaanguki. Nakumbuka bibi mmoja wa Nyansiongo aliyevunjika mgongo kwa kupiga chafya. Alikuwa ameinama anafungua kopo la ugoro, akavuta, akapiga chafya moja, akasikia kitu kimelia. Mimi nilicheka, nikamwambia bibi huyu ana misuli tu imekaza. Daktari alipiga picha akakuta pingili mbili zimebonyea. Mifupa ya mama aliyezeeka hupungua nguvu ndani, ukiitazama kwa nje ni ileile. Bibi alitibiwa kwa dawa ya maumivu, mkanda, mazoezi taratibu na maziwa, na alipokuwa akiondoka alinipa lile kopo la ugoro nimtunzie, kwa sababu, alisema, silaha kama hiyo haifai kukaa nyumbani. Msicheke kabla ya picha.

Zablon alipanda mvokado wake asubuhi ya Jumatatu, akashuka haraka kuliko alivyopanda. Majirani walikuja mbio na wakataka kufanya kile ambacho kila mtu hutaka kufanya: kumketisha, kumpa maji, kumpandisha katikati ya watu wawili kwenye bodaboda. Kemunto aliwazuia. Alikuwa amenisikia miaka yote nikisimulia kazi yangu jikoni kwa mama. Alisimama juu ya mumewe ameshika jembe, akasema atakayemketisha Zablon atalala kando yake. Kisha akamwambia mumewe achezeshe vidole vya miguu. Vikacheza. Akamwagiza jirani ang'oe mlango wa nyumba.

Waling'oa mlango mzima. Kemunto alishika kichwa cha Zablon kwa mikono miwili, kikae sawa na mwili, watu wanne wakamgeuza kwa pamoja kama gogo, yeye akihesabu, wakaingiza mlango chini yake, wakamfunga kwa leso nne, wakampakia kwenye gari la wanunuzi wa avokado. Alifika hospitali akiwa amelala amenyooka kama rula, kufuli bado inaning'inia kwenye komeo. Daktari wa mifupa aliuliza ni nani aliyembeba huyu mtu. Nikasema ni dada yangu, na kifua kilinijaa kana kwamba nilikuwepo. Daktari akaita wauguzi wote waje waone mlango.

Ndivyo inavyofanywa, vijana. Anayehesabu ni aliye kichwani, na wengine hawagusi mpaka atamke. Mgeuzeni mtu kama gogo, msimkunje kama mkeka. Mkikosa machela tafuteni kitu kigumu, bapa, kirefu kumshinda. Mkifika, muulizeni kuhusu vidole vya miguu, ganzi, na kama anaweza kukojoa, kwa sababu ndani ya pingili hizo inapita kamba ya neva, na mfupa unaweza kuunga lakini kamba hiyo ikikatwa haiungi.

Kamba ya Zablon ilikuwa nzima. Picha ilionyesha pingili moja imepondeka vibaya, vipande vimerudi nyuma kidogo, havijagusa. Daktari alisema koti, wiki kumi na mbili, asibebe kitu hata ndoo ya maji. Nilimfunga mimi, safari hii na dirisha zuri, nikaandika tarehe mbili kwa wino wa buluu. Kemunto alisimama akisoma kila tarakimu. Nyumba yake ilikuwa bila mlango siku ya tatu hiyo na kuku alikuwa ameanza kutagia kitandani, lakini hakuondoka mpaka amalize. Alipenda kuniita ominto, neno letu la ndugu uliyezaliwa naye.

"Ominto," akaniambia, "mimi nimemleta kwa mlango. Wewe nirudishie kwa miguu."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo.

Alihesabu wiki kwa chai. Shamba lao lilichumwa kwa zamu, kipande kwa kipande, na akirudi kwenye kipande cha kwanza alijua siku ngapi zimekwisha. Kila Sabato alimpapasa Zablon kifuani kupitia shati, kuhakikisha tarehe ipo.

Sasa shikeni hapa, maana watu wazima huanguka hapa. Mgongo uliovunjika huacha kuuma mapema. Wiki ya tatu, ya nne, mgonjwa analala, anacheka, anataka kurudi shambani. Anafikiri amepona kwa sababu haumwi. Lakini mfupa bado uko kama ugali ambao haujaiva, umeshikana juu tu. Kinachomfanya asiumwe ni lile koti. Zablon kufikia wiki ya saba hakuwa na maumivu hata kidogo. Alikuwa na tatizo moja tu: hakuweza kuimba.

Na makambi yalikuwa yanakuja. Kwa asiyejua, makambi ni wiki ya mahubiri ya mwaka, watu wanatoka makanisa yote ya eneo wanakutana uwanja mmoja, mahema, mabenchi, vipaza sauti. Mwaka ule yalikuwa Nyansiongo, na kikundi chetu kilipewa kuimba Sabato mchana, mbele ya watu wote. Tulijaribu besi mwingine, shemasi mmoja mwema sana. Akishuka chini alitoa sauti ya ng'ombe anayeingizwa kwenye josho. Tukamshukuru akarudi kwenye ushemasi.

Alhamisi Zablon alikuja chumba cha plasta. Nilikuwa peke yangu. Owuor alikuwa amestaafu, daktari alikuwa kwenye upasuaji. Zablon alisimama mbele ya ndoo akaimba mstari mmoja nisikie. Ilitoka kama redio iliyofunikwa blanketi. Mimi nilijua hasa anachosikia humo ndani. Nilikuwa nimeimba ndani ya koti hilo.

Nikamwambia nitampanulia dirisha. Nikakata vidole viwili kila upande. Akaimba tena, bado. Nikakata vingine viwili. Koti likawa dirisha zaidi kuliko koti.

"Shemeji," akasema, "hii ni kama kunifungulia mlango nusu na mimi ni mnene. Nitoe. Sabato moja tu. Jumapili asubuhi nitakuwa hapa, unifunge jingine."

"Kemunto je?"

"Nitavaa koti la suti. Hataona."

"Na ukiinama?"

"Nani anainama akiimba?"

Nilicheka. Hilo ndilo linaloniuma: nilikataa kwa kucheka, halafu nikakubali kwa kucheka. Moyoni nilikuwa nimeshausikia wimbo wetu ukiimbwa na watu wanne kamili mbele ya makambi yote, na sauti yangu ya tatu ikikaa juu ya besi yake kama nyumba juu ya msingi. Msije mkadhani nilimfanyia Zablon peke yake. Nilijifanyia na mimi. Nilichukua msumeno nikapasua kutoka juu hadi chini, na msumeno ulipita katikati ya tarehe niliyoiandika mwenyewe.

Sabato mchana tuliimba. Siwezi kuwadanganya, vijana, hatukuwahi kuimba vile. Zablon alishuka mpaka mahali ambapo sijui alipapata, watu wakaacha kujipepea, mchungaji mwenyewe akafumba macho. Nilifurahi kama mtoto. Katika benchi la tatu niliona watu wote wameinua nyuso, isipokuwa mmoja. Kemunto alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Alikuwa amelala kando ya sauti hiyo miaka kumi na mitano. Alijua inavyokuwa ikiwa ndani ya plasta na inavyokuwa ikiwa nje. Alinyanyua macho, akalitazama koti la suti la mumewe, lililokuwa limekaa vizuri mno. Kisha akanitazama mimi.

Alisubiri baraka itolewe, akaanza kupenya kati ya watu kuja kwetu. Lakini watu walikuwa wengi, na mkutano ukiisha kila mtu anapeana mikono. Zablon alikuwa anasifiwa kushoto na kulia. Shemasi, yule wa sauti ya josho, alikuwa anasogeza mabenchi kupisha kwaya ya vijana, akashindwa na moja. Zablon akainama akashika upande wa pili. Hakufikiri. Alikuwa haumwi.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Sikusikia mlio wowote. Niliona tu amekaa chini taratibu, kama mtu aliyekumbuka jambo, akaniambia, "Osoro, miguu yangu iko wapi?"

Hapo nilifanya kila kitu kama ninavyowafundisha. Nilimlaza, nikashika kichwa, nikakataza maji, nikamwambia achezeshe vidole. Vya kushoto vilicheza kidogo. Vya kulia havikucheza. Tulimbeba kwa benchi lilelile alilotaka kuinua, nikihesabu mimi, na hakuna fundi angepata kosa katika ubebaji ule. Kemunto alitembea kando ya benchi mpaka kwenye gari. Alingoja tumweke mumewe sawasawa, ndipo akageuka.

"Ile tarehe uliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Ulikuwa unaweza kuisoma?"

Nikasema ndiyo. Akapanda gari akafunga mlango.

Jumatatu nilijaribu kujiokoa. Kwenye kitabu cha chumba cha plasta niliandika kwamba koti la mgonjwa lilipasuka lenyewe. Sista mkuu wa wodi aliagiza vipande vitolewe kwenye pipa, akavipatanisha juu ya meza kama sahani iliyovunjika. Mkato ulikuwa umenyooka, safi, kutoka kifuani juu hadi nyongani. Akaniuliza kama siku hizi plasta inajipasua kwa rula. Nilikwenda kwa daktari nikamwambia yote, kuanzia kwenye dirisha. Alinisikiliza, akasema afadhali umesema, na akanitoa chumba cha plasta miezi mitatu. Nilikunja mashuka kwenye chumba cha dobi. Nilikunja vizuri sana. Owuor alisikia, akasafiri kutoka kwao kuja kunitazama nikikunja, akakaa saa nzima, akanywa chai yangu, akarudi. Niliporudishwa, nilifuta mstari wa uongo kwenye kitabu mbele ya sista na nikaandika ukweli juu yake. Nanyi mkikosea andikeni siku hiyohiyo. Daktari anayejua kilichotokea anaweza kusaidia; anayedanganywa anatibu kitu kingine.

Zablon alipelekwa hospitali kubwa, akatiwa vyuma viwili na skrubu, akakaa miezi wodini. Kila saa mbili aligeuzwa, ili ngozi isioze kwa kulalia upande mmoja, na hiyo kazi msiidharau, imeokoa watu wengi kuliko visu. Mguu wa kushoto ulirudi. Wa kulia ulirudi nusu, ukakataa kuendelea. Mpaka leo anatembea kwa magongo mawili, na kilima cha kwenda kwenye chai hawezi kukipanda. Kemunto huchuma peke yake.

Lakini msimwonee huruma sana, atawacheka. Anasema ana mabati mengi mgongoni kuliko juu ya nyumba. Mvokado aliukata, akatengeneza kiti cha kuimbia kanisani, akasema adui akishindwa anakaliwa. Tunakutana siku za soko Nyakoe, tunakula chapati, tunabishana kuhusu nyimbo. Niliomba msamaha mara nyingi mpaka akanikataza. "Mimi niliomba, wewe ukanipa," alisema. "Tukae na ujinga wetu nusu kwa nusu." Bado anaimba, na besi haijapungua. Watu wanasema kukaa kumeiongeza.

Mimi sijaimba naye tena, na boma lao sijaingia tangu makambi yale. Nilijaribu mara moja, nikiwa nimebeba sukari na majani ya chai. Kemunto alitoka, akawafungia kuku, akarudi ndani, akafunga mlango, uleule. Bado una alama ya leso kwenye rangi. Mama alipofariki tulisimama pande mbili za kaburi. Wakati wa chakula nilimsikia akimwambia binti yake, mwanamke mzima mwenye watoto, "Mpelekee yule mtu wa plasta chakula chake." Nyama ilikuwa nyingi na nzuri. Kemunto hajawahi kuwa mchoyo.

Sasa nimefika umri wa kukaa nje asubuhi na kikombe. Kijito kiko chini, na ng'ambo yake namwona dada yangu kwenye chai, kikapu mgongoni, kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu, akihesabu bado kwa namna yake. Anacheka na wachumaji wenzake, nasikia mpaka huku. Ni karibu miaka ishirini. Hajaniita ominto, hajaniita Osoro, hajaniita hata mbwa.

Kwa hiyo mgonjwa akisimama mbele yako na sababu nzuri, na atakuwa nayo, soma tarehe iliyo kifuani mwake kisha utundike msumeno. Atakukasirikia wiki tano. Sabato yetu moja ilimgharimu Zablon mguu. Mimi ilinigharimu dada, na nilikuwa naye mmoja tu.